Namna ya Kuandaa Kitabu cha Kumbukumbu cha Darasa Linalohitimu: Mfano wa Mlimani

Karatasi za mtihani wa mwisho wa muhula wa pili zinapokusanywa, kwa kawaida mwezi Julai, darasa la chuo kikuu huanza kutawanyika siku ileile. Anayetoka Kigoma hupanda basi, anayetoka Unguja huelekea bandarini, na wanaobaki Dar es Salaam huhamia kwa ndugu au kwenye geto la kupanga huku wakisubiri matokeo. Mahafali hufika miezi kadhaa baadaye, na wakati huo wengine hawana nauli ya kurudi, wengine wameshapata kibarua wasichoweza kukiacha, na wengine hawamo kwenye orodha ya wahitimu. Darasa linalotaka kuandika siku zake za chuoni halina budi kuifanya kazi hiyo likiwa bado lipo pamoja. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuifanya, na mfano wake ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Mlimani, kwa kuwa ndicho chuo ninachokifahamu. Darasa la Mzumbe, la Sokoine au la Dodoma litabadilisha majina ya mabweni na kumbi, lakini hatua zitabaki zilezile.

Ninachokitetea ni kitabu cha aina fulani. Vitabu vingi vya wahitimu huwa na salamu za viongozi, picha ya kila mtu akiwa amevaa joho, msemo mmoja chini ya kila picha, na matangazo ya wafadhili. Hupendeza siku ya mahafali, lakini miaka kumi baadaye havimwelezi msomaji darasa lile liliishi vipi: lilikula wapi, lilisoma kwa kutumia nini, liliogopa nini, na nani alikuwa akimwamsha nani asubuhi ya mtihani. Kitabu kinachofaa ni kile ambacho kila mwanadarasa amekiandikia japo nusu ukurasa, na ambacho siku za kawaida zimepewa nafasi kubwa kuliko sherehe.

Wakati wa kuanza na watu wa kuifanya kazi

Anzeni mwanzoni mwa muhula wa pili wa mwaka wa mwisho. Kwa shahada za miaka mitatu, muhula wa kwanza wa mwaka huo una pilikapilika za mapendekezo ya utafiti, na wiki za mwisho kabla ya UE, yaani mitihani ya mwisho wa muhula, hakuna atakayewasikiliza. Wiki za mwanzo za muhula wa pili ndizo zenye nafasi. Kwa wanaosomea ualimu, zingatieni kwamba mazoezi ya kufundisha huwapeleka watu mikoani, na kwa wahandisi kipindi cha PT, yaani mafunzo kwa vitendo, hufanya vivyo hivyo. Kusanyeni kumbukumbu za vipindi hivyo mara tu watu wanaporejea, kabla hazijachanganyika na mambo mengine.

Kamati isizidi watu saba. Mazoea ni kumwachia CR, yaani mwakilishi wa darasa, kazi yote kwa sababu ndiye mwenye namba za simu za watu wote, lakini CR ana mzigo wa kutosha, na zaidi ya hapo anawafahamu zaidi wale wanaomtafuta. Ushauri wangu ni kuichagua kamati kwa kuangalia makazi. Awepo anayeishi kwenye hall, yaani mabweni ya ndani ya chuo, awepo wa hosteli ya Mabibo, awepo wa hosteli za Magufuli, na awepo aliyepanga geto Changanyikeni, Makongo au Savei. Maisha ya chuoni hutofautiana sana kwa sababu ya mahali mtu anapolala: anayetembea dakika chache kufika Ukumbi wa Nkrumah hana kumbukumbu sawa na anayegombania daladala Ubungo ili awahi kipindi cha saa moja asubuhi. Awepo pia, kama darasa linaye, yule aliyekuja chuoni akiwa tayari ni mtumishi na mzazi. Watu hawa huhudhuria vipindi, hufaulu na kuondoka bila kuingia kwenye picha za wengine, na hadithi yao ya kusoma huku wakilea ni sehemu halali ya historia ya darasa.

Amueni mapema kitabu kinamhusu nani. Kundi zima lililodahiliwa mwaka mmoja ni kubwa mno, na marafiki peke yao ni wachache mno. Kipimo kinachofaa ni watu wa programu moja ya shahada waliokaa pamoja kwenye kozi za lazima. Pale programu inapokuwa na mamia ya watu, gaweni kwa makundi ya semina, kila kundi likiwa na mhariri wake.

Kujenga uti wa mgongo wa tarehe

Kabla ya kumwomba mtu yeyote aandike, tengenezeni ratiba ya miaka yenu kuanzia wiki ya kupokelewa hadi mtihani wa mwisho. Msitegemee kumbukumbu za kichwani. Almanaka ya chuo huonyesha tarehe za kufungua na kufunga. Ratiba za vipindi huonyesha mlisoma nini, wapi na saa ngapi. Matangazo ya DARUSO, yaani serikali ya wanafunzi, mabango ya uchaguzi, vipeperushi vya makongamano na hata risiti za steshenari mlikotolea kopi za madesa (maandishi ya masomo yanayorithishwa) vyote ni ushahidi. Hifadhi kubwa kuliko zote, hata hivyo, ni kundi la WhatsApp la darasa. Humo mna tangazo la kipindi kilichoahirishwa, taarifa kwamba bumu (fedha za kujikimu za mkopo wa wanafunzi) limeingia, picha ya matokeo yaliyobandikwa ukutani, na salamu za rambirambi. Mtu mmoja ahamishe mazungumzo hayo yote kuwa faili moja, lakini faili hilo litumike kutafutia tarehe tu. Ujumbe wa mtu usinukuliwe kitabuni bila yeye mwenyewe kuombwa na kukubali, kwa sababu aliuandika akizungumza na wenzake, si akiandika kitabu.

Ratiba hii husaidia kwa mambo mawili. Kwanza, inapotokea watu wawili wanasimulia tukio moja kwa namna mbili, mnajua lilitokea lini. Pili, huwakumbusha watu mambo. Mtu anayesema hana cha kuandika, akionyeshwa kwamba wiki fulani ya mwaka wa pili ndipo umeme ulipokatika katikati ya mtihani, ghafla huwa na kurasa tatu.

Maswali yanayofungua kumbukumbu

Hapa ndipo kitabu kinapopata uhai au kinapoukosa, na ningependa kamati itumie muda wake mwingi hapa. Ukimwomba mwanadarasa aandike "kumbukumbu zake za chuo" atakuletea sentensi ambayo ingeweza kuandikwa na mhitimu wa chuo chochote duniani. Chukua mfano huu: "Siku za Mlimani zilikuwa nzuri sana, tulisaidiana kama ndugu na kamwe sitazisahau." Hakuna uongo ndani yake, lakini hakuna mtu ndani yake pia. Mhariri mwema hamrudishii mwandishi karatasi akimwambia haijatosha. Humuuliza alisaidiwa na nani, lini na kwa kitu gani. Baada ya maswali matatu hivi, mtu huyohuyo anaweza kuandika maneno ya namna hii: "Muhula wa kwanza sikupata chumba. Nilibebwa na mwenzangu wa kozi kwenye kitanda cha futi mbili na nusu, tukilala mzungu wa nne, na usiku wa ukaguzi nilichukua daftari nikaenda kujisomea kwenye kumbi za Yombo mpaka nilipopigiwa simu kwamba pameshatulia. Bumu lilipotoka kitu cha kwanza nilimnunulia neti, kwa kuwa ya kwake tulikuwa tumeshaichana kwa kugeukageuka."

Tofauti ya maandiko hayo mawili haitokani na kipaji. Inatokana na swali. Kwa hiyo ulizeni kuhusu mahali, saa, kitu na mtu, na acheni hisia zijitokeze zenyewe. Usiku wa kwanza chuoni ulilala wapi, na nani alikuonyesha njia ya kwenda kujisajili? Bumu lilipochelewa ulikula nini, na ulikopa kwa nani? Ni desa gani lililokuvusha kwenye kozi ngumu kuliko zote, na liliandikwa na nani kabla halijaanza kurithiwa? Ulipopata sapu (mtihani wa marudio) ulimwambia nani kwanza, na ulisoma wapi wakati wenzako wamekwenda likizo? Ulipotaka kuwa peke yako ulikuwa ukienda kukaa sehemu gani? Ni kipindi gani cha mhadhara ambacho ukitakiwa leo unaweza kukieleza?

Swali ninalolithamini kuliko yote ni hili: ni nani, asiye mwanafunzi wala mhadhiri, aliyekusaidia kumaliza? Majibu yake humleta mama lishe aliyekubali kuandika deni hadi mwisho wa mwezi, mlinzi aliyemsindikiza binti kutoka maktaba usiku, mhudumu wa steshenari aliyerekebisha kurasa za utafiti saa chache kabla ya muda wa kuwasilisha kwisha, na konda aliyekubali nauli pungufu. Watu hawa hawataitwa jukwaani siku ya mahafali. Waombwe ridhaa kwanza, kisha waandikwe kwa heshima yao, wapigwe picha wakiwa kazini, na kila mmoja apewe nakala ya kitabu bila malipo. Wekeni gharama ya nakala hizo kwenye bajeti tangu siku ya kwanza.

Si kila mtu ni mwandishi. Wapo watakaosimulia vizuri kwa sauti na kukwama wakishika kalamu. Waombeni watume ujumbe wa sauti, au mkae nao kwenye vibao vya nje na kuwarekodi kwa simu, kisha mtu mmoja aandike alichokisikia na kumrudishia msimulizi asome kabla hakijaingia kitabuni. Anapoandika, abakize lugha ya chuo. Bumu, sapu, kukeri (kubeba kozi uliyofeli hadi mwaka unaofuata), kudisko (kuondolewa masomoni kwa kufeli), desa na kubebana (kumlaza chumbani mwenzako asiye na chumba) ndiyo maneno mliyoishi nayo, na kuyageuza kuwa lugha ya barua za ofisini ni kufuta nusu ya kumbukumbu. Mwishoni mwa kitabu wekeni ukurasa mmoja unaoyaeleza, kwa ajili ya watoto wenu watakaokifungua siku moja.

Mahali penyewe, na hadithi zinazorithishwa

Kitabu cha darasa hakihitaji historia ndefu ya chuo, lakini ukurasa mmoja au miwili humsaidia msomaji kujua mlipita mahali gani. Chuo kilianza Oktoba 1961 kikiwa na Kitivo cha Sheria peke yake, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, chini ya Chuo Kikuu cha London. Mwaka 1963 kikawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi, mwaka 1964 kikahamia Mlimani, na tarehe 1 Julai 1970 kikawa chuo kikuu kinachojitegemea, Mwalimu Nyerere akiwa Mkuu wa Chuo wa kwanza. Unganisheni tarehe hizo na yale mliyoyaona kwa macho. Ukumbi wa Nkrumah, ambao kila mhitimu hupigia picha mbele yake, ulikuwa nyuma ya noti ya shilingi 500 kabla noti hiyo haijapisha sarafu iliyotoka mwaka 2014. Yawezekana wazazi wenu waliushika mkononi miaka mingi kabla ya ninyi kuufikia. Hosteli za Magufuli zilizinduliwa Aprili 2017 zikiwa na nafasi za wanafunzi 3,840. Maktaba mpya iliyojengwa kwa msaada wa China ilizinduliwa Novemba 2018 na huweza kuchukua wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja. Kwa darasa lililofika baada ya hapo, majengo hayo ni ya kawaida. Kwa waliotangulia, kuhangaikia kiti cha kusomea na kitanda cha kulalia ndiyo yalikuwa maisha. Mkitaja tarehe, msomaji wa rika lolote ataelewa ninyi mlikuwa upande gani.

Mlimani kuna hadithi zinazopokezanwa kutoka mwaka wa tatu kwenda mwaka wa kwanza, na kila zinapopokelewa huongezwa chumvi. Maandamano ya Machi 1978, ambapo wanafunzi walipinga nyongeza ya mishahara na marupurupu ya viongozi na mamia wakafukuzwa, husimuliwa kana kwamba msimulizi alikuwapo. Ndivyo ilivyo pia kwa kufungwa kwa chuo kuanzia Mei 1990 hadi mwanzoni mwa 1991. Mkitaka kuziandika, msiandike mlichosikia kwenye korido za hall. Nendeni kitengo cha East Africana, chenye hifadhi ya maandiko ya Afrika Mashariki, katika maktaba ya chuo, ombeni magazeti ya Uhuru na Daily News ya miezi hiyo, na msome wenyewe. Kazi hiyo huchukua mchana mmoja wa watu wawili, na darasa lililopewa shahada kwa ajili ya utafiti halina sababu ya kuikwepa.

Kanuni hiyohiyo itumike kwa matukio yenu. Kama kulikuwa na mgomo, mgogoro wa uchaguzi wa DARUSO, au siku ambayo darasa zima lilikataa kufanya jaribio, andikeni tarehe, chanzo, na maelezo ya pande zaidi ya moja. Malalamiko dhidi ya mhadhiri yasiandikwe kwa jina wala kwa dalili zinazomtambulisha: yeye hana ukurasa wa kujibia ndani ya kitabu chenu, na kashfa iliyochapishwa inaweza kuwafikisha waandishi mahakamani. Mnaweza kueleza kikamilifu namna kozi ilivyowaelemea bila kumtaja mtu.

Wasiokuwepo kwenye orodha ya wahitimu

Kila darasa huanza na watu wengi kuliko linavyomaliza. Wapo waliodisko mwaka wa kwanza, wapo waliokeri na watahitimu mwaka unaofuata, wapo walioahirisha masomo kwa ugonjwa, kwa ujauzito au kwa kukosa ada baada ya mkopo wa Bodi ya Mikopo kutotosha, na wapo waliofariki. Vitabu vingi huwaacha kimyakimya, na kimya hicho huwaumiza. Nasisitiza kwamba orodha ya kitabu iwe ya wale walioanza pamoja, si ya wale tu watakaovaa joho. Mtu aliyekaa nanyi mwaka mzima, akawaandikia desa ambalo nusu yenu mlifaulia, ni mwanadarasa, hata kama yeye mwenyewe ile kozi ilimshinda.

Njia ya kuwafikia ni ya heshima na ya faragha. Ampigie mtu mmoja aliyekuwa karibu naye, asitumiwe ujumbe kwenye kundi, na aulizwe kwanza kama angependa kuwemo. Akikubali, aandike kama wengine, kuhusu siku alizokuwepo, na mahali popote pasiandikwe sababu ya kuondoka kwake isipokuwa aieleze mwenyewe. Akikataa, jina lake lisiwekwe. Aliyekeri na bado yupo chuoni huwa katika hali ngumu zaidi, kwa sababu atabaki korido zilezile bila wenzake. Mpeni ukurasa sawa na wa wengine na msimtenge kwenye sehemu ya nyuma yenye kichwa maalumu.

Kwa marehemu, mtu wa kwanza kushauriwa ni familia yake. Kamati impeleke mwakilishi au apige simu kwa mzazi, aeleze kitabu ni cha nini, na aombe ruhusa ya kutumia picha. Mara nyingi wazazi wana picha ambazo darasa halikuwahi kuziona, na wana hamu ya kusikia mambo ya chuoni ambayo mtoto wao hakuwasimulia nyumbani. Waandikieni hayo. Kurasa hizo zisijazwe sifa za jumla kama zile za mazishini. Elezeni alikuwa akikaa kiti gani, alikuwa akiuliza maswali ya namna gani kwenye semina, alikuwa akipenda kuimba nini wakati wa kufua. Nakala ya kwanza ya kitabu kutoka kiwandani ipelekwe kwa familia hiyo, na apeleke mtu badala ya kutumwa kama kifurushi.

Picha, majina na ruhusa

Picha nyingi mlizonazo zimepita WhatsApp, na zikipita huko hubanwa na kupoteza ubora. Kwenye kioo cha simu huonekana safi. Kwenye karatasi huwa na ukungu. Mwombeni mpigaji wa asili aitume kama dokumenti au aiweke kwenye flashi, na kumbukeni kwamba mchapaji huhitaji nukta 300 kwa kila inchi kwa ukubwa utakaochapishwa. Picha iliyopigwa na mpigapicha wa kulipwa, hata kama mlimlipia nakala, inaweza kuwa bado ni mali yake kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Pateni ruhusa yake kwa maandishi na mtaje jina lake.

Maelezo ya picha yaandikwe sasa hivi, si baadaye. Chukueni ile picha ya darasa zima kwenye ngazi za Nkrumah: ianzeni mstari wa mbele kushoto, taja majina matatu ya kila mtu, shukeni mstari kwa mstari, na asiyejulikana aulizwe kwenye kundi siku hiyohiyo. Ongezeni tarehe, tukio, na kitu chochote ambacho msomaji wa baadaye hatakijua, kwa mfano kwamba wale watatu walioinamia begi pembeni walikuwa wakimzuia tumbili asichukue mkate. Baada ya miaka 20 nyuso zitakuwa zinafahamika lakini majina yatakuwa yamepotea, na hakuna wa kuulizwa.

Majina yaandikwe kama yatakavyokuwa kwenye cheti, na kila mtu athibitishe la kwake. Namba za simu, anwani, dini, hali ya afya na hali ya ndoa visichapishwe kwa mazoea. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za mtu aeleze anazikusanyia nini na kuzitumia kwa kusudi hilo. Fomu ya ukurasa mmoja inatosha: mwanadarasa anataja andiko lake, picha anazoziruhusu, na kama anakubali kitabu kiwekwe mtandaoni au kibaki cha karatasi tu. Swali hilo la mwisho lisichukuliwe juujuu, kwa sababu mwajiri wa kesho anaweza kusoma simulizi ambayo leo inawachekesha watu arobaini.

Fedha na uchapaji

Juu ya fedha nitasema kwa kifupi. Mali bila daftari hupotea bila habari, kwa hiyo mweka hazina atumie namba moja ya kupokelea michango, atoe taarifa kwenye kundi kila Ijumaa, na mtu wa pili awe na uwezo wa kuona mapato yote. Pangeni mchango kulingana na siku bumu linapotoka, na mruhusu kulipa kwa awamu. Asiyeweza kulipa aandikwe kitabuni sawa na wengine. Mchango ununue nakala, usinunue nafasi ya kukumbukwa.

Ombeni bei kwa wachapaji watatu, wakiwamo wa Kariakoo na wa nje ya katikati ya jiji, kwa maelezo yaleyale yaliyoandikwa: ukubwa, idadi ya kurasa, uzito wa karatasi, kurasa ngapi za rangi, na nakala ngapi. Kwa nakala chache, uchapaji wa kidijitali huwa nafuu kuliko wa sahani (offset). Idadi ya kurasa igawanyike kwa nne, na mkizidi kurasa 80 hivi acheni pini mtumie kuunganisha kwa uzi au gundi nzuri, kwa sababu kitabu hiki kitafunguliwa mara nyingi. Picha inayofika ukingoni iachiwe milimita tatu za kukatwa. Kabla hamjaruhusu kuchapa, dai nakala moja ya majaribio ya karatasi, kaeni watatu, mmoja asome kwa sauti, wa pili afuatilie kwenye karatasi, na wa tatu alinganishe majina na orodha. Makosa ya majina ndiyo yatakayolalamikiwa maisha yote.

Kuhifadhi na kusambaza

Ombeni ISBN, yaani namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu, kutoka Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, kisha pelekeni nakala huko na nyingine kwenye maktaba ya chuo, ukiwaomba waiweke East Africana. Msidhani kwamba hakuna atakayevutiwa na maandiko ya wanafunzi. Jarida la Cheche, ambalo wanafunzi wa Mlimani walilitoa kwa kupiga stensili mwaka 1969 na 1970 kabla halijapigwa marufuku, hadi leo hutafutwa na watafiti wanaotaka kujua vijana wa wakati mwanahistoria Walter Rodney alipokuwa akifundisha pale walikuwa wakibishania nini. Waliolitoa hawakuwa na umri mkubwa kuliko wenu.

Faili zote za awali, yaani maandiko, picha, sauti zilizorekodiwa na fomu za ruhusa, ziwekwe sehemu tatu tofauti: kwenye diski ya nje kwa mwanakamati mmoja, kwenye diski ya pili kwa mwanakamati anayeishi mkoa mwingine, na kwenye hifadhi ya mtandaoni ambayo nywila yake wanaijua watu wawili. Mkubaliane pia nani atakuwa na mamlaka ya kuruhusu kuchapishwa upya.

Siku ya mahafali msigawe vitabu nje ya ukumbi wa Mlimani City, kwenye msongamano wa ndugu, maua na magari, kwani nakala zitapotea na waliolipa watakosa. Gaweni siku moja kabla, wakati watu wanakuja chuoni kuchukua majoho, kila mmoja akisaini mbele ya jina lake. Nakala za wasioweza kuja zifungwe mapema, moja moja, kwa karatasi ngumu na nailoni juu, na zipelekwe stendi ya Magufuli kwa mabasi ya mikoa husika. Juu ya kila kifurushi andikeni jina kamili na simu ya mpokeaji, na kituo atakachochukulia. Pigeni picha ya stakabadhi na mmtumie mpokeaji pamoja na jina la basi na saa ya kuondoka, kisha mwanakamati mwenye jina la mpokeaji huyo kwenye orodha yake ampigie kesho yake kuhakikisha kimefika.